Boti Isiyonguruma

Mwanza, Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Mugonile hapo Ikombe? Mdogo wangu Tumpe akusomee polepole, asiruke mstari. Mimi mzima, ila hamu ya kukuona imenizidi nguvu.

Kazi ni ileile ya karakana ya boti. Siku hizi tunang'oa injini za dizeli na kufunga mota za umeme. Betri zinakaa chini ya viti. Wiki iliyopita tulimaliza boti ya abiria, na fundi mkuu wetu, Bwana Masanja, akanipa usukani siku ya majaribio.

Tukaondoka kimya. Mwenye boti akaniuliza, "Dada, umeiwasha kweli?" Gati lilishabaki nyuma! Mama, nikasikia maji yakipiga ubavuni. Tangu nije huku sikuwahi kuyasikia, ngurumo za injini ziliyameza. Nikajiona mdogo, nimekaa mtumbwini katikati ya vyungu vilivyofungiwa nyasi, wewe unapiga kasia kwenda kuviuza Matema huku unamsema jirani. Machozi yakanijaa, sikuona mtumbwi mbele.

Mvuvi alikuwa ametugeuzia mgongo, anavuta nyavu, hakutusikia. Masanja akapiga kelele. Nikakata usukani, tukampita karibu kabisa.

"Wewe dada, unataka kuniua?"

Nilizima mota, nikamwomba radhi.

Tuliporudi nilijua nimefukuzwa. Masanja akaniuliza, "Ulikuwa unawaza nini?"

"Nyumbani."

Akasema, "Kesho ufunge honi. Uwe unaipiga kabla hujakaribia mtumbwi wowote." Nikaifunga kwa mkono wangu. Boti sasa inabeba watu, na yule mvuvi akituona anatupungia.

Baadaye wakaniletea mkataba wa miaka miwili mingine. Kazi hii naipenda, mama, sikufichi. Lakini Tumpe ameniambia bega lako halinyanyuki, na vyungu vimejaa uani kwa sababu huwezi kupiga kasia. Mbona hukuniambia? Siku tatu nilikaa na karatasi ile. Ijumaa nikairudisha bila sahihi.

"Kwenu kuna karakana?" Masanja akauliza.

"Hakuna. Ziwa lipo, na mitumbwi ipo."

Akanipa mkono. Sijui nitaanzia wapi, na naogopa kidogo. Afadhali niogope nikiwa karibu nawe.

Nisalimie baba mdogo wa Bujonde, asichoke kuipalilia kakao. Shangazi wa Karonga akivuka mpaka, mwambie kitenge chake ndicho ninachovaa kanisani. Tumpe nambusu. Kwako wewe, ndaga fijo kwa kila kitu.

Ningepiga simu, ungenikataza. Kwa hiyo barua hii nimempa mtu wa basi la leo, na mimi napanda la kesho.

Binti yako,
Subilaga