Kiini cha Bukini wa Kijivu

Jumapili, 3 Machi

Mama amepiga simu. Kabla hata ya habari za shule, kauliza: bukini wangu wanataga? Nikasema wanataga. Sikusema kwamba shangazi ametafuta mnunuzi wao. Eti wale wa kijivu wa mama ni mabwanyenye — kula, kupiga kelele, mayai ya kuhesabu. Bukini wake weupe ndio wachapakazi.

Jioni wa kijivu bado wanakwenda kusimama langoni, saa ile mama alipokuwa akirudi kutoka kazini kabla hajahamishiwa mbali. Nasimama nao. Najifanya nafagia.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata wazo! Mradi wa biolojia: lishe ya mayai ya aina mbili za bukini. Nimevunja moja moja kwenye sahani. Kiini cha wa kijivu — chungwa kabisa! Cha weupe kimepauka kama kimeugua. Shangazi kakodoa macho. Kasema: lo, kumbe wifi ananizidi hata kwa mayai! Kasema yakionekana bora kweli, wa kijivu watabaki. Nimeingia chumbani nikacheka peke yangu.

Ijumaa, 8 Machi

Mwalimu kauliza wanalishwa nini. Weupe, pumba. Wa kijivu, pumba na... Majani mabichi. Huwachumia wao tu, kila siku, kwa sababu mama alikuwa akifanya hivyo. Sikuwahi kufikiri!

Kasema rangi ya kiini hutokana na chakula, na rangi si protini. Aina kwa aina, tofauti ya lishe huenda ikawa ndogo mno. Badilisha chakula, usubiri. Masikio yaliniwaka moto.

Nimebadilisha. Majani kwa weupe, pumba tu kwa wa kijivu. Wa kijivu wananifuata uani wakinizomea. Siwezi kuwatazama.

Alhamisi, 21 Machi

Mama hajapiga. Tumesimama langoni, mimi na wa kijivu.

Jumamosi, 23 Machi

Mnunuzi amekuja asubuhi hii. Shangazi kachukua mayai mawili kwenye bakuli, kayavunja kikaangoni. Kiini kimoja chungwa, kimoja kimepauka. Kacheka: hili la wifi, nani asiyelijua!

Si la wifi. Ni la weupe wake.

Nilifungua mdomo — akanitilia lile la chungwa kwenye sahani. Kula, mtoto wa mama, upate akili. Kisha dirishani, kwa sauti: "Bwana, chukua weupe! Hawa wa kijivu siwauzi ng'o!"

Wachapakazi wake mwenyewe!

Naandika huku yai likipoa. Weupe wanafungwa miguu, nawasikia. Wa kijivu wako langoni, wanatazama barabara.

Simu inalia. Mama! Shangazi anaita kutoka uani, mikono yake imejaa manyoya: pokea basi, umpe mama yako habari njema.

Nimeishika. Bado inalia.