Paa ya Baba Mukwe

Bunia, tarehe 4 Februari 2024

Baba Floribert,

Salamu ya heshima kwenu huko Mambasa. Muko na afya? Siye tuko muzuri, ni nyumba yenu tu njo inatusumbua. Mvua ya juzi imeingia tena pembeni ya shemine ya jikoni, pale moshi inatokea juu ya paa, ukuta ya chumba yenu imekuwa nyeusi. Bwana yangu Emery amechoka. Anasema atabomoa shemine, atatoa tuile zote za udongo, ataweka mabati. Tuile zenye mulichoma kwa mikono yenu! Nililia.

Marehemu baba yangu alikuwa masoni, mujenzi wa nyumba na paa, nilimubebea chokaa mpaka siku niliolewa. Kazi hii naijua. Lakini kwa desturi yetu mukwe hapandi juu ya paa ya baba mukwe, njo maana naomba ruhusa.

Mukwe wenu, Régine


Mambasa, tarehe 15 Februari

Mukwe wangu Régine,

Nimepokea salamu, nami nasalimia watoto. Huku kanisa yenye tunajenga imefika kwa madirisha. Sasa weye, unaomba nini! Ile shemine nimeiziba mara saba na simenti ya nguvu. Kama imenishinda miye, weye utafanya nini kule juu na kikwembe? Emery aongeze simenti. Usipande.

Baba mukwe wako


Bunia, tarehe 24 Februari

Baba,

Natumaini kazi inaendelea muzuri. Sikupanda. Emery alipanda na simenti yake, na mvua moja tu, imepasuka. Ameita watu wa mabati, watakuja tarehe kumi Marsi.

Munisamehe niseme. Mikono yenu haina kosa, kosa ni ya simenti. Shemine inapata moto kila siku, inapanuka, ikipoa inarudi. Simenti inakuwa ngumu, haiwezi kuifuata. Baba yangu alikuwa anachonga mufereji kwa matofali ya shemine, anaingiza bati nyembamba, anaikunja ilale juu ya tuile, kisha anafunga mufereji na chokaa. Maji inapita juu ya bati, inaenda zake.

Mukisema hapana, ni hapana.

Mukwe wenu, Régine


Mambasa, tarehe 1 Marsi

Régine,

Hamujambo hapo? Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilikasirika, sikufichi. Ya tatu nikasema, ah, Floribert, mutoto wa watu anasema kweli.

Nilitaka kurudi Bunia juma hii. Nabaki huku mpaka umalize, ili nisikae chini ya miguu yako. Vaa suruali ya Emery. Yeye akushikie ngazi, na watu wa mabati awarudishe kwao. Ni amri ya baba yake.

Baba mukwe wako


Bunia, tarehe 2 Aprili

Régine mutoto wangu,

Nimerudi nyumbani, na bado naandika: salamu toka chumba ya pembeni. Usicheke! Kukusifu uso kwa uso, haya ya ukwe inanifunga mudomo.

Jana ulipoenda soko nilipanda. Nilitafuta kosa kwa ile kazi yako, nikatafuta tena, maana niko na roho mbaya kidogo. Hakuna. Bati imelala vizuri kabisa, chokaa imeshika. Nilibaki kule juu naiangalia tu.

Na leo mvua ilipoanza, nilisimama nisukume kitanda yangu, vile nafanya tangu miaka makumi tatu. Nikagusa ukuta. Kavu. Nikarudi kulala, miye mwanaume muzima na machozi.

Watu wa kanisa ya Mambasa wanatafuta masoni wa kufunga paa yao. Walifikiri ni miye. Nimewaandikia jina yako.

Jibu iache kwa meza.

Baba yako, Floribert