Mkono wa Baba na Chipu Mbili

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Baba amefika mistari sitini na moja leo. Sitini na moja! Tangu aliporudi kusali alasiri yuko mbele ya TV ya chogo, kidole gumba cha mkono ule ule uliolala na kiharusi mwaka jana kikibonyeza, anayapanga matofali yanayoshuka kama anavyopanga vipande vya kanzu. Mama alipita na sinia la karafuu, akasema mzee amerudi utotoni. Hakumsikia hata.

Kuna jambo ninalijua, yeye halijui. Kompyuta yangu hii, niliyoiunga mwenyewe kwa chipu kuukuu za miaka ya themanini, haina nguvu. Programu inayoifanya ijifanye gemu ya mkononi inakwenda nusu ya kasi. Tofali la sekunde moja linashuka kwa sekunde mbili. Kaka yangu Hafidh anayo gemu yenyewe hasa, na hajawahi kupita hamsini na nne. Baba akauliza Hafidh kafika ngapi. Nikamtajia. Akacheka mpaka akakohoa.

Ningesema pale pale. Sikusema. Nilikuwa na chungu jikoni — kisingizio hicho.

Jumatatu, 4 Agosti

Mtaa wetu wote wa Jadida unajua fundi Soud kamshinda mwanawe. Baba mwenyewe kaitangaza barazani.

Na leo kaja Bi Rahma, jirani wa nyumba ya tatu. Amesikia mkono umepona. Mwanawe anaoa Ijumaa ya tarehe 22, na kitambaa cha joho alikileta marehemu mumewe kutoka Maskati, akakiweka sandukuni kwa siku hiyo. Kipande kimoja tu, hakipatikani kingine. Baba alikipapasa kwa kiganja, akasema atakikata wiki ijayo, inshallah. Mwaka na miezi mitatu hajashika mkasi.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nafsi inanisuta.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeweza! Kasi kamili!

Chipu ya pili nilikuwa nimeianika siku tisa uani, pembeni ya jamvi la karafuu, jua liifute programu iliyokuwamo. Mama kila akigeuza karafuu ananiuliza hiki nacho kinakaukaje. Jana nikaiandikia programu nyepesi zaidi, leo nimeichomeka, na matofali yanashuka sawasawa na saa ya ukutani. Nimetuma video kwenye kundi letu la mtandaoni, la watu wanaojiundia kompyuta za kizamani. Pongezi tele. Mmoja kaniita bingwa!

Nilimkumbuka Baba? Nilimkumbuka. Nikajiambia atazoea. Chipu ya zamani, ile ya nusu kasi, nimeitia kwenye kasha la kibiriti.

Jumamosi, 9 Agosti

Baba leo: mistari minne. Akacheza tena — sita. Akavaa miwani. Mitano.

Hafidh amekuja kutoka Chake Chake. Baba akampisha kiti, Hafidh akapiga hamsini bila taabu. Baba aliutazama mkono wake, akaukunja, akaukunjua.

Hafidh akanifuata jikoni. Akauliza: kwani zamani haikuwa inakwenda hivi? Nikamweleza yote. Akasema nimwambie mzee leo leo, kabla hajaondoka yeye. Nikasema ndiyo. Ameondoka saa kumi na moja na sijamwambia.

Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi nimemkuta Baba amesimama dirishani, anamwomba Mama amtazame mdomo kama haukwenda upande tena, kama siku ya kiharusi.

Ee Mola wangu. Nimefanya nini?

Mkasi kaufunga kwenye kitambaa cha mafuta, kauweka juu ya kabati. Kitambaa cha Bi Rahma kampa Mama akirudishe, apelekewe fundi mwingine, huyo wa karibu na soko. Chai hakunywa.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeomba ruhusa shuleni ninakofundisha, nimempeleka hospitali Chake. Daktari kampima presha, kamwambia amshike vidole abane, anyanyue mikono, atabasamu. Hakuna kipya, mzee. Hali yako ile ile, nzuri.

Njiani kurudi tukakaribia Wete, kwetu. Baba akasema: "Daktari kanionea huruma, mwanangu. Ile mashine yako haimwonei mtu huruma."

Nilitazama nje. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi.

Jumatano, 13 Agosti

Nilikusudia kusema. Wallahi nilikusudia. Nilikaa naye ukumbini, nikaanza: Baba, kuna kitu kuhusu ile kompyuta. Akaniambia niiondoe tu, inachukua nafasi.

Nikafikiri: nikimwambia kweli, ile sitini na moja naichukua. Kicheko chake pia. Atajua kwamba hakumshinda mtu, na kwamba binti yake alikaa akimtazama anajitapa barazani. Mficha uchi hazai, najua. Mimi mwalimu, nawaambia watoto wa watu kila siku waseme kweli hata kama jibu limekosewa.

Alipokwenda kusali alasiri nikafungua kibiriti, nikarudisha chipu ya zamani. Aliporudi nikamwambia nimeifungua na kuisafisha, ajaribu mara moja tu. Akakataa. Nikambembeleza. Akakaa.

Hamsini na nane.

Sijapata kumwona mtu mzima anafuta machozi kwa kofia.

Alhamisi, 14 Agosti

Kaenda mwenyewe kwa Bi Rahma, kwa miguu. Fundi wa sokoni alikuwa hajakigusa kitambaa. Kimerudi kwetu.

Jioni kaniita, kaniweka mbele yake kama nilipokuwa mdogo. "Nambie kweli, Shamima. Jumamosi ile, nilipopata minne, ilikuwa mashine, ama miye?"

"Mashine, Baba."

Kweli tupu. Na ni uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kumwambia: kadhani ile ya kasi kamili ndiyo ilikuwa mbovu. Akaniombea dua, akaniwekea mkono kichwani. Mkono ule ule.

Hafidh kapiga simu kuuliza kama nimesema. Nimemjibu ndiyo, nimesema.

Jumamosi, 16 Agosti

Saa tatu asubuhi. Naandika chumbani, mlango nimeurudisha.

Kitambaa kiko mezani ukumbini. Chaki imeshapita. Nilipopeleka chai nilitazama mstari: umenyooka mpaka kwapani, hapo unatetemeka kidogo. Au ni macho yangu. Kukata nguo si mbio, tofali halishuki, mtu anakwenda kwa kasi anayotaka. Labda mkono umepona kweli. Daktari kasema hali nzuri. Labda haukupona. Sijui! Mimi mwalimu wa fizikia, na kipimo pekee alichokuwa anakiamini Baba nimekiharibu kwa mikono yangu, mara mbili.

Bi Rahma kaja kushuhudia. Yuko kwenye kiti karibu na mlango, anamsimulia Mama jinsi marehemu alivyokibeba kitambaa kile mkononi safari nzima, asikitie ndani ya begi kisijikunje.

Baba ananiita. Nimshikie ncha ya kitambaa, kinateleza.

Nimeitika labeka. Nimesema naja. Nikitoka ni lazima niseme — mbele ya Bi Rahma, mbele ya Mama. Au nishike ncha na ninyamaze.

Ananiita mara ya pili. Sauti yake ina furaha.

Sasa kaweka pasi juu ya ncha badala ya mkono wangu, nadhani, kwa sababu nasikia mkasi.