Neno la Don Fadrique

Trieste, Jumatatu ya Pasaka

Dada yangu Micaela,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako aliye mbali, na umfikishie mama shikamoo yangu kabla hujasoma neno jingine. Mimi ni mzima, ila mafua ya upepo wa huku hayajanitoka tangu Januari. Natumaini kikohozi cha mama kimepungua, mizabibu imeanza kuchipua, na yule nyumbu wetu mzee bado ana ukaidi wake, maana siku atakapokuwa mtiifu ndiyo siku ya kumzika. Nakuomba jambo moja. Barua hii isome kwanza peke yako, zizini au popote pale ambapo mama hatauona uso wako. Kisha utaamua umsomee kipi. Mimi kuamua kumenishinda.

Barua yako ya mwisho niliipata. Umesema mama bado anaweka sahani ya ndugu yetu Eladio mezani kila jioni, na kwamba padri alipomsihi tena akubali Misa ya wafu isomwe, alimfukuza jikoni kwa mwiko. Umesema pia kwamba daktari siku hizi haji na dawa, anakuja na maneno mazuri tu, na mama anarudia lile lile: hafi, wala hamwombei mwanawe kama marehemu, mpaka asikie neno kutoka kwa mfalme mwenyewe. Nilisoma nikakaa chini. Simlaumu. Sote tulikuwapo siku ile ya vita mfalme wetu Don Fadrique alipoingia jikoni kwetu na matope kwenye buti, akala maharage ya mama bakuli mbili, akamshika Eladio bega na kumwambia mama, "Huyu nitakurudishia mwenyewe, kwa mkono wangu." Ahadi ni deni, na unamjua mama. Jirani aliyeazima ungo wake mwaka wa tetemeko bado anakumbushwa kila Jumapili mlangoni mwa kanisa.

Unaniuliza kwa nini nilikuja huku kwa kazi hiyo moja, kuuliza Eladio yuko wapi, na mpaka sasa sijauliza. Dada, hujawahi kuishi katika nyumba ya mfalme. Hapa mtu haanzi kuzungumza naye. Unangoja akuulize, ndipo ujibu, tena ujibu kile tu ulichoulizwa. Na mfalme atamwuliza nini mtunza bustani kama mimi? Kwa miaka miwili ameniuliza kama mvua itanyesha.

Na usidhani naishi ikulu. Ni nyumba ya kupanga huku uhamishoni, mlimani, paa linavuja juu ya ukumbi wa kiti cha enzi, na kiti chenyewe tunakisogeza kila wingu likitanda. Humo ndimo Don Fadrique anamotawala Hispania yote. Kila asubuhi anateua magavana wa mikoa ambayo hakuwahi kuikanyaga. Don Saturio, yule mzee mrefu aliyemfuata tangu milimani kwetu, ndiye Waziri wa Manowari, naye akipanda mtumbwi tu anatapika. Mpishi wetu, Bi Nikanora, husema wangempa Wizara ya Ndoo angalau ingemfaa.

Jioni sote husimama ukutani na mfalme akasimulia utawala wake, yale majira manne ya baridi alipokuwa mfalme kweli kwenye milima yetu, baraza lake likisafiri juu ya migongo ya nyumbu na uso wake ukiwa kwenye sarafu. Leo atasema vita vya darajani tulishinda. Kesho tulishindwa kwa usaliti. Keshokutwa havikupiganwa kabisa, mto ulifurika. Mwanzoni nilidhani anatudanganya. Baadaye nikadhani amesahau. Sasa sijui, maana mimi niliyekuwa pale darajani nikibeba risasi, nikimsikiliza sana naanza kukumbuka kama yeye. Nimechanganyikiwa, dada. Asubuhi namchukia mtu huyu kwa ajili ya Eladio. Mchana namwona bustanini anasalimia kila mwaridi kwa jina la kamanda wake aliyekufa, na moyo unaniuma kwa huruma. Sijui nishike lipi niache lipi.

Sasa nije kwenye Alhamisi Kuu. Desturi ya wafalme wetu unaijua: siku hiyo mfalme hupiga magoti akawaosha miguu maskini kumi na wawili, akawabusu miguu hiyo, kisha akawalisha kwa mkono wake. Don Fadrique hajawahi kuiacha. Taabu ni kuwapata maskini wenyewe. Wahispania fukara wa Trieste hawatoshi, basi tunaokoteza wapagazi wa bandarini, kipofu mmoja mpiga kinanda, na Mgiriki anayeuza tini, tukawafundisha kusema "Mfalme na aishi" kwa lugha yetu. Mgiriki huyo hupaza sauti kuliko Wahispania, kwa mapenzi yake makubwa kwa samaki wa chumvi wa Bi Nikanora.

Lakini kuna jambo ambalo watu hawaambiwi. Miguu ile haifiki kwa mfalme ikiwa michafu. Huoshwa kwanza jikoni kwa maji moto na sabuni, ikasuguliwa kwa jiwe, kisha ikapakwa marashi. Mwoshaji ni mimi. Ukumbini mfalme huosha miguu iliyokwisha kuoshwa. Don Saturio anasema ndivyo ilivyokuwa hata Madrid kwa mababu zake, na yeye yuko radhi afe kuliko kugeuza desturi.

Mwaka huu maskini wa kumi na mbili, Mzee Anselmo, baharia wa zamani, hakutokea. Kumbe alipitia kilabuni kujitia moyo, na moyo ukazidi kipimo. Kengele imeshalia, mfalme ameshajifunga taulo kiunoni, wageni wa heshima kutoka Vienna wameshakaa. Don Saturio akaja mbio jikoni, uso umemsawijika, akalalamika kwamba wakiwa kumi na mmoja watu watasema Yuda wetu ametoroka mapema. Akaniona mimi mlangoni, ndiyo kwanza natoka bustanini. Bi Nikanora akacheka mpaka akashika meza. "Mwosha huoshwa, Blas! Haya, nenda kakae, leo na wewe ubusiwe na mfalme, maana wasichana wamekataa." Nikavutwa kwa ukosi wa shati. Hakuna aliyekumbuka kwamba miguu yangu haikuoshwa, na mimi nilikuwa nimeshinda nikitia samadi kwenye mawaridi, bila soksi ndani ya viatu vya mbao.

Mfalme alikuja kwa magoti kutoka kiti hadi kiti. Maji kidogo, taulo, busu, anasogea. Alipofika kwangu akamimina, na maji yakashuka meusi. Beseni la fedha likawa kama dimbwi la zizini, na harufu ikapanda mpaka kwa mabibi wa Vienna. Don Saturio akafumba macho. Mfalme hakusogea. Alilitazama lile beseni kwa muda, kisha akainua uso akanitazama mimi, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kuniona tangu nifike. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mbona ya wengine hayawi hivi?"

Nilikuwa nimeulizwa, basi nikajibu. Nikamwambia wengine niliwaosha mimi, na mimi hakuna aliyeniosha. Akauliza kama ni kila mwaka. Nikasema ni kila mwaka. Mkono wake ukiwa bado umeshika kisigino changu, akaniuliza, "Wewe ni nani?"

Dada, swali hilo nimelingoja miaka miwili. Nikamwambia mimi ni Blas Azparren, ndugu yake Eladio, kwamba alikula maharage kwetu, kwamba alimwahidi mama kumrudisha mwanawe kwa mkono wake, na sahani bado iko mezani. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Ukumbi mzima ukanyamaza, hata Mgiriki. Mfalme akayamwaga yale maji, akaagiza mengine, akanisugua kweli kweli, katikati ya vidole na chini ya kucha, kama mama alivyokuwa akitufanyia tukitoka shambani. Maji yalipobaki meupe akanibusu miguu yote miwili, akainuka kwa shida.

Nilijua nimefukuzwa. Bi Nikanora alikuwa ameshanifungia mkate na jibini ya safari, analia na kunitukana kwa pamoja, ananiita punda mwenye ulimi. Lakini Ijumaa Kuu baada ya ibada mfalme aliniita. Nilimkuta amesimama dirishani, kiti cha enzi kimesukumwa pembeni kwa sababu ya mvua.

Hapa, Micaela, kama mama yuko karibu, funga mlango.

Aliniambia hamkumbuki Eladio. Alisema amejaribu tangu jana, uso haumjii, sauti haimjii. Maharage ndiyo anayakumbuka, yalikuwa na pilipili za kuchoma, na ni kweli yalikuwa nazo. Kisha akasema kwamba katika kila nyumba aliyolishwa, alimwambia mama wa nyumba maneno yale yale. "Nyumba zote, Blas. Nilikuwa kijana, na wale mama wananitazama kama nimeshuka altareni. Ningewaambia nini?" Naapa, mkono wangu ulikuwa umeshakunja ngumi. Fikiria mama zetu wote wa milimani, kila mmoja na sahani yake.

Nadhani aliiona ngumi, lakini hakurudi nyuma. Alisema hana jeshi, hana nchi, hata paa linalomvujia si lake. Alichobakiwa nacho ni kwamba watu wachache bado wanaamini neno lake, na mama yetu ni mmoja wao. "Basi niambie mama yako anahitaji neno gani, nami nitalisema. Yu hai, au amekufa. Nitalisema kama mfalme, na halitarudi nyuma."

Nikamwambia, lakini Mtukufu, hujui. Akakubali kwamba hajui, na kwamba hakuna ajuaye, kwa kuwa siku ya kukimbilia mpakani wengi walichukuliwa na mto na hakuna aliyegeuka kuwatazama. Yeye mwenyewe hakugeuka. Nikisema yu hai, mama ataendelea kungoja na kukohoa, hafi wala haponi. Nikisema amekufa, nimemzika ndugu yangu kwa mdomo wangu, bila kaburi na bila hakika. Nilimkumbuka Eladio akinibeba mgongoni kuvuka mto, akinitisha kwamba ataniangusha na hakuniangusha hata siku moja. Nikasikia mtu anasema, "Amekufa." Kumbe ni mimi.

Mfalme akakirudisha kiti mahali pake, maji yakimdondokea. Akamwita Don Saturio awe shahidi, akavaa upanga, akakaa, akaniuliza jina kamili. Kisha akasema kwa sauti ile ya milimani, ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni, kwamba Eladio Azparren, mwana wa nyumba iliyomlisha mfalme, amekufa katika utumishi wake, na kwamba leo anamrudisha kwa mama yake kama alivyoahidi. Don Saturio akalia, akidhani mfalme amekumbuka. Na mimi, dada, hili ndilo linalonivuruga mpaka saa hii: mimi niliyemtilia neno mdomoni, nililiamini. Nikaketi sakafuni. Nililia kama vile jeneza limewekwa mlangoni kwetu. Mfalme akashuka akaketi sakafuni karibu nami, na sikujua kama nimsukume au nimwegemee. Nikamwegemea.

Hilo ndilo neno nililotumwa, na limetoka kinywani mwake kama mama alivyotaka. Ukiamua kumsomea, msomee maneno ya mfalme peke yake, na lile la nani aliyeyachagua libaki kati yangu na wewe. Ukiona ni afadhali aendelee kungoja, itie barua hii motoni, nami sitakuuliza kamwe. Wewe unamwona uso kila siku. Mimi nauona kwa kukumbuka tu, na kumbukumbu zangu siku hizi siziamini sana.

Nimeomba ruhusa ya kurudi nyumbani na nimepewa. Mfalme ameniagiza jambo moja kabla sijaondoka: nimwambie atakayeshika kazi yangu kwamba kuanzia mwakani miguu isioshwe jikoni. Don Saturio amelala kitandani kwa habari hiyo, na Bi Nikanora anampelekea supu na kumwambia ashukuru Mungu kwamba si manowari.

Msalimie padri, na umwambie asisogee karibu na mwiko mpaka nifike. Wasalimie majirani, hata yule wa ungo. Mbusu mama mikono yote miwili. Nitakuwa nyumbani kabla ya mavuno, Mungu akipenda. Sahani ya Eladio msiiondoe mezani. Nitakula mimi humo. Na ikitokea jioni moja mlango ukabishwa, akaingia yeye na ndevu zake na hadithi zake za safari, nitainuka nimpishe kiti. Mama atataka kujua nani alisema uongo. Msimguse mfalme wake, Micaela. Mwambieni ni Blas.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Blas Azparren