Barua Isipite kwa Badawi

Kuze, Mombasa
8 Februari 1966

Kwa ndugu yangu Badawi,

Assalaam alaykum. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, na natumai wewe, mkeo na watoto hamjambo. Mguu wako uliokuwa ukivimba umepoa? Nijibu hilo kwanza, kisha usome yanayofuata ukiwa umekaa.

Jana nilikwenda ofisi ya viwanja. Karani mmoja aitwaye Kaingu alifungua faili la Jumuiya yetu ya akina mama akanionyesha nakala ya barua ya tarehe 3 Januari. Tulipewa kiwanja namba 61 cha Majengo, ili tujenge darasa la wasichana tulilokuwa tukiliomba kwa miaka minne, kwa sharti la kujibu katika siku ishirini na moja. Hatukujibu kwa kuwa hatukuipata. Ilifika katika sanduku lako la posta, ukaifungua, ukaisoma, ukaitia katika mtoto wa meza pamoja na vipande vya vitambaa. Nyevu, anayetubebea barua, ameiona huko leo asubuhi alipopita dukani kwako na nazi zake.

Nani alikupa ruhusa ya kufungua barua zetu? Tuliazima sanduku lako, hatukuazima macho yako.

Nimeomba, nami si mtu wa kuomba. Tutaandikiwa mara moja tu tena, na tutapewa siku kumi na nne. Zikipita, mwombaji wa pili atapewa kiwanja ajenge bohari ya mkaa. Kwa hiyo kuanzia leo barua za Jumuiya hazipiti kwako. Nataka ahadi yako kwa maandishi kwamba hutafungua hata moja. Mguu wangu haukanyagi dukani kwako, ndiyo maana nakuandikia, ingawa tuko mwendo wa robo saa.

Wasalaam.
Dada yako,
Sheikha


Mwembe Tayari
11 Februari 1966

Kwa dada yangu Sheikha,

Waalaykum salaam. Mguu umepoa, asante. Mke wangu akusalimu na auliza kama amekukosea yeye pia, maana hata mlangoni hupiti.

Dada, hukumu yako ni kali. Nani mwengine mjini aliwapa sanduku lake miaka sita bila kulalamika? Barua zenu zikija na majina ya watu tisa, wengine wa Lamu, wengine wa Kwale, nitajuaje ya nani bila kuifungua? Hiyo ya kiwanja niliisoma, nikasema nitampa Sheikha Ijumaa. Ijumaa hukuja. Ya pili hukuja. Ikaingia chini ya vitambaa, nikasahau. Kusahau si wizi.

Ahadi unaitaka, chukua. Sifungui barua ya Jumuiya, hata ije inafuka moshi. Niwaone hao wenye mabuibui watakavyoipeleka Lamu.

Ndugu yako,
Badawi


Kuze
22 Februari 1966

Kwa ndugu yangu Badawi,

Assalaam alaykum. Hapa sote wazima. Mwambie mkeo hajanikosea kitu, na kwamba nyumbani kwangu kuna mlango.

Dharau yako juu ya mabuibui nimeiona. Nakuandikia mpango wetu ili ujue kwamba kazi uliyoifanya ovyo kwa miaka sita yaweza kufanywa sawasawa.

Sanduku letu ni jipya, na lina funguo mbili: mmoja ninao mimi, wa pili anao katibu wetu, Mwanakhamis. Kila mtaa una nyumba moja ya kupokea. Barua ya Majengo inatoka posta na kwenda moja kwa moja kwa Nyevu. Haina haja ya kupita Kuze kuamkia watu. Za Malindi na Lamu zinatiwa katika mfuko uliopigwa lakiri, zinasafiri kwa basi, na anayezipokea anaandika siku na saa katika daftari. Mbebaji akikuta nyumba imefungwa, harudi na barua mkononi. Anakwenda nyumba ya pili, ambayo imekwisha kutajwa. Barua isiyokuwa na mwenyewe inarudishwa kwa aliyeituma, na sababu inaandikwa juu yake. Na juu ya yote, bahasha haifunguliwi ila na yule ambaye jina lake au cheo chake kimeandikwa juu yake. Hapana mume, hapana mkwe, hapana ndugu.

Tulijaribu wiki iliyopita. Barua ya Lamu ilifika kwa mwenyewe siku ya tatu. Kwako ingekuwa bado inanusa vitambaa vyako vya bafta.

Dada yako,
Sheikha


Mwembe Tayari
25 Februari 1966

Dada Sheikha,

Salamu nyingi. Watoto wazima, isipokuwa mdogo ana kikohozi.

Mpango nimeusoma mara mbili, na siwezi kusema ni mbaya. Nna swali moja tu. Barua ya katibu ikija, na katibu hayupo, itakuwaje?

Ndugu yako,
Badawi


Kuze
28 Februari 1966

Badawi,

Salamu. Mpe mtoto tangawizi na asali.

Katibu atakuwepo. Ndiyo maana akaitwa katibu. Sikukuomba unisahihishie.

Sheikha


Mwembe Tayari
Alhamisi, 28 Aprili 1966

Dada,

Assalaam alaykum. Natumai Malindi hakujambo, na kwamba matawi uliyokwenda kuyakagua yamekupokea vizuri. Huku ni wazima. Nampa dereva wa basi barua hii, nimemwambia akukabidhi mkononi.

Leo asubuhi Nyevu amekuja dukani bila nazi. Alikuwa na bahasha ndani ya kanga. Akaiweka juu ya meza yangu ya kukatia.

“Bwana Badawi, hii ni ya kiwanja. Ule muhuri naujua. Ifungue.”

“Imeandikwa jina la nani?”

“Mimi nikijua kusoma ningekuja kwako?”

Imeandikwa Katibu. Nikamwuliza, katibu yuwapi? Akasema Bi Mwanakhamis yuko Lamu tangu tarehe kumi na sita, binti yake amejifungua, na haijulikani atarudi lini. Nyumba haikufungwa, kwa hivyo Nyevu hakwenda nyumba ya pili. Mkwe wa Mwanakhamis alizipokea barua zote, akazipanga rafuni vizuri kama ulivyoagiza, na hakuna aliyezigusa. Hii imekaa siku nane. Nyevu aliichukua leo bila ruhusa ya mtu, na anaogopa utamtoa kazini.

“Fungua basi, Bwana. Mimi nitasema nimefungua mimi.”

Nikamwambia sifungui. Dada yangu ana ahadi yangu kwa maandishi. Akanitazama akasema, “Nyinyi ndugu wawili mna vichwa vya mawe,” akaondoka nayo kuirudisha rafuni.

Muhuri wa posta ni wa tarehe 18 Aprili. Wewe uliniambia ni siku kumi na nne. Hesabu mwenyewe. Ni Jumatatu.

Ndugu yako,
Badawi


Kuze
3 Mei 1966

Badawi,

Assalaam alaykum. Sikuulizi hali yako, kwa sababu jana nimekuona kwa mbali ukitembea vizuri.

Barua yako ilinifikia Jumapili jioni. Dereva alishuka Kilifi kwenye msiba na akabaki nayo mfukoni. Nilipanda basi la kwanza la Jumatatu. Kwenye kivuko tulingoja saa mbili nzima. Nilishuka mjini saa saba na robo, nikaenda mbio kwa mkwe wa Mwanakhamis, nikaichukua bahasha, nikaifungua kwa mkono wangu, mimi ambaye jina langu halikuwa juu yake. Iliandikwa wazi: mwisho wa kujibu ni tarehe 2 Mei, saa sita mchana.

Nilikwenda hata hivyo. Kaingu aliniletea kiti.

“Mama, kiwanja kimekwisha kukubaliwa asubuhi.”

“Kwa bohari ya mkaa?”

“Hapana, kwa darasa lenu. Mdhamini wenu alikuja saa nne.”

Nikamwambia hatuna mdhamini. Akanigeuzia karatasi. Badawi bin Gharib, mfanyabiashara, Mwembe Tayari.

Sikiliza, Badawi. Kosa la mpango ni langu. Uliniuliza kwa adabu nikakujibu kwa ujeuri, na nimeliandika kosa hilo katika daftari la Jumuiya kwa jina langu. Nyevu hatolewi kazini. Yeye peke yake ndiye aliyetumia akili. Lakini hili la pili ni lako. Miaka sita barua zetu zilipita mikononi mwako. Tumezitoa huko kwa taabu, na sasa ardhi yenyewe imo mikononi mwako. Wanawake tisa wameitafuta miaka minne, na yule aliyeipoteza ndiye aliyeandikwa. Nataka jina lako litoke.

Sheikha


Mwembe Tayari
5 Mei 1966

Dada yangu,

Waalaykum salaam. Umenitukana kurasa mbili, na sitakurudishia.

Baada ya Nyevu kuondoka nilikaa nikafikiri. Niliahidi kutofungua barua. Sikuahidi kutokwenda kumwuliza aliyeiandika. Ijumaa na Jumamosi nilisimama kituoni nikitazama mabasi ya Malindi, kila moja. Hukushuka. Jumatatu asubuhi sikungoja tena, nikaenda kwa Kaingu, nikamwambia barua yenu imekwama, jibu ni ndiyo. Akasema ndiyo hiyo yataka sahihi ya katibu au mwenyekiti. Nikamwambia mmoja yuko Lamu na mwengine Malindi. Akasema, “Basi labda mdhamini. Jina la nani?” Mimi mfukoni nilikuwa na jina moja tu.

Kama ningetaka kiwanja, dada, ningekiomba mwenyewe tangu zamani. Niambie siku ya kulifuta jina langu.

Lakini karatasi yake sitaileta kwa mkono wa Nyevu wala kwa posta. Hii tutakwenda nayo pamoja kwa Kaingu.

Badawi


Kuze
12 Mei 1966

Kwa Bwana Badawi bin Gharib, Mwembe Tayari,

Assalaam alaykum. Baada ya kukutakia afya wewe na wa nyumbani mwako, Jumuiya inathibitisha kwamba jana, mbele ya karani Kaingu, jina lako lilifutwa na kiwanja namba 61 kikaandikwa kwa Jumuiya yenyewe, sahihi ya mwenyekiti ikiwa chini. Kaingu ameniambia leo kwamba hajapata kuona watu wawili wakisemezana kupitia mtu wa tatu aliyekaa katikati yao. Nimemjibu kwamba ofisi yake ni nyembamba.

Kikao kimekaa jioni na kuongeza kanuni moja katika mpango. Barua ikimkosa mwenyewe kwa siku tatu, Nyevu ataipeleka dukani kwako, na wewe utaifungua mbele yake, utamsomea kwa sauti, utaandika siku na saa, na utatia sahihi.

Mimi sikuafiki. Tulipiga kura, nikashindwa, mimi mmoja dhidi ya wote, na kanuni ni kanuni.

Nitakuja dukani Jumamosi saa tatu asubuhi kukuonyesha daftari linavyojazwa. Mkeo asihangaike na chai. Nitakaa kidogo.

Dada yako,
Sheikha