Vipande Viwili vya Mninga

Maisaka, Babati
9 Agosti 2018

Kwa dada yangu mpendwa Fabiola, Mama Coletha,

Shikamoo dada. Tumsifu Yesu Kristu. Naomba karatasi hii ikukute umeshamaliza kupiga maharage, ukiwa na nguvu zako zote, na goti la shemeji Sylvesta liwe limemwachia sasa baridi inapoanza kupungua huko Dongobesh. Sisi huku hatujambo. Wifi yako Philomena ni mzima na anakusalimu sana. Watoto wazima. Hata yule mbuzi uliyetupa Pasaka ni mzima, na siku hizi anajiona ndiye mwenye nyumba.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Dada, wewe kwenye simu hunikatiza. Nikianza jambo unacheka, nikifika katikati unaniuliza kama nimekula, na nikikaribia mwisho salio limekwisha. Kwenye karatasi utanyamaza. Halafu kuna mzigo umekuja pamoja na barua hii, umefungwa kwa gunia na kamba ya katani, nimemkabidhi kondakta wa basi mimi mwenyewe. Nakuomba usiufungue kwanza. Ukiufungua kabla ya kumaliza kusoma utakuwa umeniharibia.

Wewe unanijua, lakini watu wa Babati ni kama wameanza kunisahau, kwa hiyo acha nijikumbushe mwenyewe. Shule niliacha darasa la sita, ndiyo, ila tangu mji huu uwe makao makuu ya mkoa sijui kama kuna mgeni wa maana aliyelala usingizi wa maana nje ya kitanda changu. Ule mlango wa Singe niliochonga jogoo juu yake, kuku wa jirani walikuwa wanakuja jioni kujipanga mbele yake, wanamsubiri atangulie bandani. Na lile ua nililomchongea bwana mmoja wa Mutuka kwenye ubao wa kichwani mwa kitanda, nyuki walitua juu yake mpaka familia nzima ikalala nje. Najua utasema nyuki walifuata nta niliyopaka. Hata kama. Mafundi wangapi wanapaka nta na nyuki hawaji?

Ndiyo maana benchi la mbele ya karakana yangu halikuwahi kukosa watu. Walikuja kutazama patasi inavyokwenda, na mimi niliwachongea huku nawasimulia. Hivyo ndivyo nilivyoishi, na nilidhani ndivyo nitakavyozeeka.

Sasa yupo mtu anaitwa Twalha. Ana duka la redio na chaji za simu kule sokoni, na marehemu baba yake alikuja hapa zamani na biashara ya kanga kutoka Tanga. Ni mtu mstaarabu. Sina ubaya naye, na hilo nataka ulijue mapema, sina ubaya naye kabisa. Ila bwana huyu hajapiga randa ubao hata mmoja tangu azaliwe, na siku hizi ukiuliza hapa mtaani fundi yuko wapi, watoto wanakuonyesha kwake.

Ilianza mwaka jana. Alikuja karakanani akataka mninga ulionyooka kabisa, mbao ndefu, akasema amejaribu kwa mbao laini zikampindia. Nikajua anatengeneza rafu ya redio. Nikampimia, nikamrandia, nikampelekea mpaka nyumbani kwake, na uani kwake chini ya bati nikakuta kitu ambacho sikuwa na jina lake. Ni meza, dada, na juu ya meza kuna boriti linalotambaa kwenda na kurudi. Linasukumwa na mota alizozitoa kwenye mashine za fotokopi zilizokufa. Linapita juu ya reli za droo. Limeshikwa na vyuma virefu vyenye nyuzi kama za bolti, na pembeni kuna kompyuta kuukuu iliyong'oka nusu ya herufi zake, ndiyo inayoliamuru liende wapi. Wenyewe wanaiita CNC. Twalha alinieleza kirefu chake nikakisahau hapohapo, kwa makusudi. Alijifunza kwenye video za simu, bila mwalimu. Nikamuuliza anamtengenezea nani na atauza nini. Akanijibu kwamba hauzi kitu, wenzake wanafuga njiwa, yeye anafuga hii.

Siku ya kwanza aliifunga kalamu badala ya kijisu, akaiambia ichore duara. Ikachora kiazi kitamu. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakukasirika, alininywesha kahawa, akaniuliza kwa upole kama meza si ndiyo inatikisika. Basi nikampigia miguu mipya, nikamfungia na boriti upya, kwa sababu siwezi kuona mninga wangu unaaibishwa. Kwa hiyo ujue kwamba mashine hiyo siku ya kuzaliwa mkunga wake nilikuwa mimi. Lakini umesikia mtu akiita mashine ya Yoakimu? Inaitwa mashine ya Twalha.

Ilipoanza kukata mbao kweli, mji ulihama. Benchi langu likakauka. Watu wanapita mbele ya karakana wananipungia mkono kama wanaopita msibani kwa mtu wasiyemjua sana, wanaelekea kwa Twalha. Paskasi, yule mteja wangu wa siku zote, alisimama mlangoni akaniambia kwa sauti ya huruma kwamba ile mashine inafanya ua kwa muda ambao mimi natafuta miwani. Nikamjibu kwamba mashine inalia kama mzinga ili watu wadhani nyuki wamekuja, wakati nyuki wangu walikuja wenyewe. Alicheka, lakini akaenda kwa Twalha.

Hata Philomena alikwenda. Alirudi, akapika, akapakua, na tulipokuwa tunakula akasema tu kwamba imempendeza, haichoki na wala haisimulii. Dada, niliisukuma sahani.

Nakiri kwamba nilianza kupita pale uani kila Jumapili baada ya misa, eti nakagua miguu ya meza. Nikikuta inafanya vizuri siku inaniharibikia. Nikikuta imekwama narudi nyumbani napiga mluzi. Jumapili moja nilikuta kijana mmoja wa sekondari anaifuta vumbi kwa kitambaa, nikamfokea kwamba haifutwi hivyo. Nilipotoka nje ndipo nikajiuliza ni ya nani mpaka nifoke.

Sasa tufike kwa Coletha. Alipopita hapa mwezi uliopita kutoka chuoni, nilimchukua nimwonyeshe mbao nilizomwekea za kitanda chake cha harusi. Unajua kwamba mabinti wote wa ukoo wetu wameolewa na ubao wa kichwani niliouchonga mimi, kuanzia wewe mwenyewe. Nilimwekea mninga uliokauka miaka mitatu darini. Aliushika, akausifu, kisha akaniuliza kwa heshima zote, maana mtoto umemlea, kama ua lake lisingeweza kuchongwa na ile mashine aliyoiona kwa Twalha, yeye humwita Baba Amira, ili mimi mjomba nipumzike.

Nipumzike! Nilimwambia nitafikiri. Nikatoka hapo moja kwa moja mpaka kwa Twalha, nikamwambia mbele ya watu wote waliokuwa uani kwamba yeye na mota zake wanichongee ua langu, lile lililo kwenye kitanda chako, kwenye kipande kimoja cha mninga, na mimi nitachonga kwenye kipande kingine cha ubao uleule. Atakayeshinda ndiye atakayefanya kitanda cha mpwa wangu. Watu walipiga makofi. Twalha akakuna kidevu, akasema mashine yake haina ugomvi na mtu, inafuata inachoambiwa tu, na ikiambiwa ua langu basi hata ikishinda nitakuwa nimeshinda mimi. Maneno kama hayo ndiyo yanayonikera kwa mtu huyu. Huwezi hata kugombana naye ukaridhika.

Alikuja karakanani akalipiga picha ua langu kwenye mlango wa kabati letu, ni lilelile la kitanda chako. Akaniuliza kila petali inashuka kiasi gani. Mimi sijawahi kupima, nikamwambia hapa ni kina cha ukucha wa kidole gumba, hapa nusu ukucha, pale ngozi tu. Akatoa kipimo chake akanipima kucha! Alikaa na kompyuta yake wiki nzima akiandika kucha zangu.

Mimi nilichonga Jumamosi kutwa. Yeye akaiwasha Jumapili baada ya adhuhuri, na ilipofika petali ya tatu umeme ukakatika. Dada, Mungu anisamehe, nilimshukuru. Niliwatangazia watu kwamba mimi nimechonga tangu ujana na sijakatika hata mara moja. Umeme uliporudi akatoa kipande kingine cha ubao huohuo, akaanza upya bila kununa, na ikamaliza. Ili kusiwe na maneno, nilivichukua vipande vyote viwili nyumbani nikavipiga msasa sawasawa, nikavipaka nta moja. Changu nikakitia alama ya msalaba kwa chaki nyuma. Mpango ulikuwa nikutumie wewe na Coletha, mchague bila kujua, halafu nikupigie simu nikucheke.

Sasa nimefika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, na nakuomba ukae chini kama umesimama.

Juzi nilitoka kutafuta kamba. Philomena naye akaona si adabu kumpelekea wifi yake mzigo wenye vumbi, akavifuta vipande kwa kitambaa chenye maji, mbele na nyuma, akavipanga mezani vinang'aa. Chaki imekwenda. Sikumgombeza. Nilimwambia ahsante, nikavichukua nikatoka navyo nje juani.

Dada, sijui kipi ni changu.

Nimevigeuza juani, nimevigeuza kivulini. Nimevigonga nikasikiliza. Nimevinusa. Nimevilamba pia, na Philomena akanikuta nalamba mbao akaniuliza nina nini, nikamwambia naonja nta kama imekolea. Mtu mzima, fundi niliyesimulia mji mzima kwamba naweza kuijua kazi yangu gizani kwa kuisikia inavyopumua, nimekaa juu ya ndoo nyuma ya nyumba na vipande viwili vya mninga mapajani, na hakuna hata kimoja kinachoniita baba.

Kwa Twalha siwezi kwenda kuuliza. Atanijibu kwa upole, na upole wake siuwezi wiki hii.

Kibaya zaidi, havilingani. Ukivitazama kwa muda mrefu kimoja kimezidi. Petali zake zimelegea kidogo, kama ua lililonyeshewa likaanza kuamka. Kingine ni kizuri tu. Hiki kilichozidi nikikitazama moyo unaniwaka, na sijui kama ninajivunia au ninaona wivu. Nimewahi kumwonea wivu jirani yangu Melkiori aliponunua pikipiki, nimewaonea wivu waliomaliza shule, Twalha nimemwonea wivu mwaka mzima kama ulivyosoma. Lakini wote hao nilikuwa najua wamekaa wapi. Huu wa leo sijui niuelekeze kwa nani. Inawezekana ninajionea wivu mimi mwenyewe, na inawezekana mota za fotokopi zimenizidi kwa kucha zangu mwenyewe.

Kwa hiyo fungua mzigo sasa. Usivitazame, macho yamenidanganya mimi na wewe yatakudanganya. Funga macho, pitisha kidole kama unavyofuta vumbi kwenye kitanda chako asubuhi. Mimi ua lile nililichonga siku chache nikaliacha, nikaenda kuchonga mengine. Wewe umeishi nalo tangu siku uliyoolewa, umelishika ukiwa na homa, umelishika ukiwa na uchungu wa Coletha. Kama kuna mtu katika dunia hii anayeujua mkono wangu, ni kidole chako.

Kidole kikishajua, mpe Coletha avitazame vyote achague anachokipenda, na usimwambie lolote. Atakachochagua ndicho kitakachokwenda kwenye kitanda chake, hata kikiwa cha mashine. Nimesema hivyo mbele ya watu na sirudi nyuma. Ila kikiwa cha mashine, nakuomba umwombee mjomba wake miguu ya kitanda niichonge mimi, miguu yote minne, kwa sababu mashine ya Twalha bado haijui kuchonga kitu cha mviringo pande zote. Nimehakikisha. Nauliza kila Jumapili.

Halafu unipigie simu. Safari hii sitaongea, utaongea wewe. Niambie alichochagua Coletha, kisha niambie kidole kimesema nini. Kama kile kilichozidi ni changu, sema taratibu, na urudie mara mbili, nitaiweka simu kwa sauti kubwa Philomena asikie. Kama ni cha Twalha, usitamke jina lake. Kata tu simu. Nitawaambia watu mtandao wa Dongobesh ni mbaya, na wewe na mimi tutakuwa tumeelewana.

Msalimie shemeji Sylvesta, mwambie ile dawa ya goti ninayoijua nitamletea mwenyewe, ilimsimamisha ng'ombe aliyelala mwezi mzima. Msalimie Coletha, mwambie mjomba hajakasirika. Wasalimie majirani wote wanaonikumbuka, na wasionikumbuka wasimulie habari ya nyuki. Philomena anasema umtumie mbegu za maboga. Mungu akulinde wewe na nyumba yako.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Yoakimu, fundi wa Maisaka

Nimesahau. Usivilambe. Nta ni chungu.