Vigingi Ulivyoacha Kando ya Kijito

Kwa Walter Ogola wa Kisian, 1938–1995

Mwaka umezunguka tangu utuache, Baba, na kitu cha kwanza alichokiona mwanao Adero baada yako ni buti zako. Zilikuwa zimekauka. Miaka yote zilisimama nje ya mlango zikiwa na matope mabichi, na yeye ndiye aliyekuwa akiziosha. Asubuhi ile, wewe ukiwa umelazwa Kisumu, aliinama kuzichukua na matope yakabomoka mkononi mwake kama unga. Akajua hutarudi, hata kabla gari la ofisi halijafika na habari.

Watu walikuita Bwana Matope, na jina hilo ulilipenda. Serikali ilikutuma kuchunga vinamasi na vijito, kuanzia Muhoroni kwenye miwa hadi Bondo. Mtu akitaka kujenga juu ya kinamasi, ulifika na kamba na vigingi ukamwonyesha mwisho wake. Akiwa ameshakifukia, ulimwambia atengeneze kingine: apande mafunjo, yale tunayoyaita togo, na kijito alichokinyoosha akirudishe kwenye kona zake za zamani. Hukumwacha mpaka mafunjo yashike.

Tunamkumbuka yule tajiri wa maghala aliyekufuata hadi nyumbani siku ya Jumapili, amefura.

"Ogola, wewe ni mtu mzima. Unanisimamishia kazi kwa sababu ya vyura?"

"Vyura hawana neno na wewe, Bwana. Keti kwanza unywe chai. Ukimaliza, nikuonyeshe maji ya chai hiyo yametoka wapi."

Mama akasema, "Muongezeeni sukari, labda atasikia."

Tajiri alicheka bila kupenda, akanywa. Mvua ya masika iliyofuata ilimkuta akipanda togo, suruali ameikunja hadi magotini.

Ulikuwa na tabia ya kukohoa kidogo kabla ya kufungua lango, ili asiwepo wa kushtuka. Mama alikicheka Dholuo chako cha haraka, nawe ukakicheka chake chenye lafudhi ya Kibukusu, basi Kiswahili kikawa lugha ya nyumba yetu. Adero alipoacha shule darasa la sita kwa ajili ya ugonjwa, wageni walimhurumia hadharani mpaka akatamani kujificha. Wewe ulimwambia tu, "Nyathina, mwanangu, macho si unayo?" Alipokuwa na neno, ulingoja alitoe mwenyewe. Chai ingepoa, ungengoja. Hukummalizia sentensi hata mara moja.

Kabla ya kuugua ulichonga vigingi, ukavipaka rangi nyeupe vichwani, ukavipigilia kule chini kwenye boma letu, mahali maji hupanda mvua ikikolea. Vinne tu ulikuwa umevimaliza. Hukutuambia ni vya nini. Pengine ulidhani watu wako wataijua kazi yako.

Hatukuijua. Ulipofariki, ndugu yako Joram alisimama mbele ya vile vigingi akavua kofia.

"Tazameni," alisema. "Ndugu yangu alijua siku zake. Amejipimia mwenyewe."

Kilio kikaanza upya. Nani angebishana na mtu aliyejipimia kaburi? Vijana wakachimba hapo hapo, katikati ya vigingi vyako. Kila walipoteka maji kwa karai, maji yalirudi. Walikuwa bado wanateka wakati Gordon, mwenzako wa ofisini, alipoteremka na shada la maua.

"Nani amewaambia mchimbe hapa? Hivi ni vigingi vya kazi! Ogola alikuwa anaonyesha maji yanapofika, mtu asije akajenga."

Vijana wakaweka karai chini. Kisha shangazi yetu Lornah akapiga makofi. "Ogola huyu! Hata maiti yake bado inawakataza watu kuchimba kinamasi!" Tukacheka, Baba, tukicheka na kulia kwa pamoja, na jeneza lako linangoja.

Tukakulaza juu, upande wa kulia wa nyumba yako, kama desturi inavyotaka. Kaburi huwa haliachwi tupu, kwa hiyo kule chini walizika mgomba, wakafukia, wakakanyaga udongo.

Mvua ilipokuja udongo ulititia. Maji yakasimama pale, urefu wa mtu aliyelala.

Tangu hapo hatujatulia. Mama akienda kuteka maji husikia mtu akikohoa kutoka upande ule, kikohozi cha langoni, na hakuna mtu. Sasa huzunguka kwa jirani, njia ndefu, ndoo kichwani, na hataki kuulizwa. Mtoto wa binti yako Dorca alishikwa na homa kali siku aliyocheza huko. Alipona, lakini Baba Mdogo Joram alisema limetosha.

"Kaburi lile linadai mtu. Nitaleta trekta la mawe nilijaze."

Gordon alimwonya kwamba maji yatageukia ukuta wa nyumba yake Joram mwenyewe.

"Afadhali ukuta uanguke kuliko mtoto," Baba Mdogo alijibu, na hakuna aliyeweza kumlaumu. Tumemwona akimshika paji la uso mtoto yule kila anapopita. Mawe yameshaagizwa. Tukimaliza maombi ya kumbukumbu yako, trekta litashuka.

Mama amesema apewe nafasi afikiri. Mwanao Tom amesema wazee waamue. Dorca hulia tu.

Adero, ambaye hakuna aliyemuuliza, huenda kule mchana watu wakiwa wamepumzika. Yeye ndiye aliyeliona togo la kwanza. Lilichipuka katikati ya maji, kijani, na hakuna mkono uliolipanda. Kisha yakaja mengine. Vyura wakaja, na ndege mdogo wa manjano akaanza kusuka kiota. Maji mekundu yanayotoka barabarani huingia upande mmoja na kutoka upande wa pili yakiwa yametulia, unaweza kuona mchanga chini yake. Kikohozi naye hukisikia. Hakimbii. Husimama kama mtu anayengoja lango lifunguliwe, na vinyweleo vya mikono vinamsimama.

Siku moja aliona alama ya buti kwenye matope ya ukingoni, kisigino kimelika upande wa nje kama chako. Alirudi nyumbani mbio. Buti zako zilikuwa mahali pake, zimekauka.

Tunakukumbuka, Baba: mkeo Nabalayo, wanao Dorca, Tom na Adero, wajukuu zako, dada yako Lornah, ndugu yako Joram, Gordon na wenzako wa ofisini, na watu wote wa vijiji ambao visima vyao havijaharibika kwa sababu ulikuwa mkaidi. Maadamu kijito kinapita bomani, hatutakusahau.

Na Adero ana neno ambalo limemkaa kooni mwaka mzima. Mbele ya watu halitoki. Analiandika hapa, lisomwe kwenye maombi, na Baba Mdogo akiwa ameketi.

Baba, Adero ni mimi. Pale juu penye saruji naweka maua kama wengine, lakini sikukuti. Nakukuta kule chini. Naogopa, na bado naenda, kwa sababu ni wewe.

Baba Mdogo, lile kaburi halidai mtu. Mtu yumo tayari, na bado yuko kazini. Nakuomba, mawe yako yarudishe.